Hadithi ya Alcestis, na Bei ya Roho Moja

Mhariri wa ukurasa huu wa Kiswahili ameniomba niandike jambo lenye faida kwa wanafunzi wa sasa, na kwa wenzangu tuliokwisha ondoka shuleni. Nimeona nisitafute mbali. Nitawaeleza hadithi moja ya Wayunani wa kale, kisha nitawaambia kwa nini mimi niliielewa nikiwa nimechelewa.

Mwaka 1994, nilipokuwa kidato cha tatu katika shule hii, Chama chetu cha Kiswahili kiliigiza hadithi hiyo siku ya wazazi. Mwalimu wetu aliitafsiri kutoka Kiingereza akaifupisha ikatosha saa moja. Kijana mwembamba wa kidato cha kwanza alifanywa malkia, akavikwa gomesi ya mke wa mpishi. Mauti alivaa joho jeusi la mahafali tuliloazima kwa Mwalimu Mkuu, na yule aliyekuwa shujaa Heracles alikula sinia nzima ya matoke mbele ya wageni, wala hakuwa akiigiza. Mimi nilipewa sehemu ya mzee Pheres, aliyekataa kufa badala ya mwanawe. Nilipokwisha kusema maneno yangu, watoto wa madarasa ya chini walinizomea hata mwalimu wa zamu ikambidi asimame. Kwa wiki mbili jina langu bwenini lilikuwa "Mzee Kataa". Nilicheka pamoja nao, maana hata mimi nilimwona Pheres kuwa mtu mbaya.

Sasa hadithi yenyewe. Aliyeiandika kwa ajili ya jukwaa ni Euripides, mtunzi wa michezo ya kuigiza wa mji wa Athens, na mchezo wake ulionyeshwa huko mwaka 438 kabla ya Kristo. Siku zile watunzi walishindana mbele ya watu wote. Kila mmoja alileta michezo minne: mitatu ya huzuni, na wa nne wa kuchekesha, ili watazamaji wasirudi nyumbani na machozi matupu. Mchezo wa Alcestis uliwekwa mahali pa ule wa nne, na ndiyo sababu una kilio na kicheko kwa pamoja. Mwaka ule Euripides alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Sophocles.

Habari inaanza na uganga. Asclepius, mwana wa Apollo, alikuwa tabibu hodari mno hata akaweza kufufua wafu. Zeus, mkuu wa miungu, alikasirika kuona mpaka kati ya wazima na wafu unavunjwa, akampiga Asclepius kwa radi akafa. Apollo naye, kwa uchungu wa mwana, akawaua yale majitu yenye jicho moja ambayo humfulia Zeus radi zake. Kwa kosa hilo Apollo alihukumiwa kuwa mtumishi wa mwanadamu. Akapelekwa Pherae, katika nchi ya Thessaly, kuchunga mifugo ya Mfalme Admetus.

Admetus alikuwa mtu mwema. Hakumtesa mtumishi wake wala kumdharau, na Apollo hakusahau wema huo. Siku za mfalme zilipokaribia kwisha, Apollo alikwenda kwa wale mabibi watatu ambao Wayunani walisema husokota uzi wa maisha ya kila mtu, hupima urefu wake na kuukata. Akawadanganya, wengine husimulia kwamba aliwalewesha kwa mvinyo. Wakakubali kwamba Admetus asife siku ile, ila kwa sharti moja: apatikane mtu mwingine wa kufa badala yake.

Admetus akaanza kuuliza. Aliwauliza rafiki zake, wakakataa. Alimwuliza baba yake Pheres, mzee wa siku nyingi, akakataa. Mama yake naye akakataa. Mwisho mkewe Alcestis, aliye kijana bado na mama wa watoto wawili wadogo, akasema: Nitakwenda mimi.

Mchezo wa Euripides unaanza siku ambayo deni hilo linadaiwa. Apollo anatoka katika nyumba ya mfalme na kukutana mlangoni na Mauti, ameshika upanga wa kukatia shungi la nywele za yule anayekuja kumchukua. Apollo anambembeleza amwachie Alcestis mpaka awe mzee. Mauti anakataa, kwa kuwa heshima yake ni kubwa zaidi wanapokufa vijana.

Mjakazi anatoka kueleza yanayotendeka ndani. Alcestis alipojua kwamba siku imefika, alioga, akavaa nguo zake nzuri, akasimama mbele ya meko ya nyumba kuwaombea watoto wake. Akazunguka madhabahu zote za nyumba akizipamba kwa matawi ya mihadasi, bila ya kutoa chozi. Alipoingia chumbani na kuona kitanda chake, hapo ndipo alipolia. Kisha akampa mkono kila mtumishi mmoja mmoja, hata wa chini kabisa, akaagana naye. Anamwomba mumewe jambo moja tu: asiwaletee watoto wake mama wa kambo. Admetus anaapa, anasema nyumba yake haitasikia ngoma tena. Halafu anamsihi mkewe asimwache! Tulipokuwa wanafunzi hatukuliona jambo hili, lakini litazameni vema: mtu aliyekubali mwingine afe kwa ajili yake anamwomba mtu huyo huyo asife.

Alcestis anapokwisha kufa, anafika Heracles, yule shujaa mwenye nguvu kupita watu wote, akiwa safarini kwenda kukamata farasi wa Diomedes. Admetus anaona haya kumfukuza mgeni. Anamficha habari ya msiba, anasema aliyefariki ni mtu wa nje tu, asiye ndugu wa damu, na kuamuru alishwe na kunyweshwa. Heracles anakula, anakunywa, anavaa taji la majani na kuimba ovyo, huku watumishi wanafuta machozi.

Wakati wa mazishi anakuja mzee Pheres na zawadi za maiti. Mwanawe anamfukuza kwa maneno makali: Wewe si baba yangu, mtu mzee uliyeshindwa kutoa siku chache zilizokubakia. Pheres naye anamjibu. Mimi nilikuzaa na kukulea, nikakuachia nchi na mashamba. Sikupata kusikia desturi yoyote ya kwamba baba afe kwa ajili ya mwanawe. Unapenda kuuona mwanga wa jua. Je, unadhani baba yako haupendi? Tena mwoga hapa ni nani, ikiwa wewe umekimbia kifo chako na kumtanguliza mwanamke?

Hayo ndiyo maneno niliyozomewa kwayo mwaka 1994, kwa maneno ya tafsiri ya mwalimu wetu.

Mwishowe mtumishi mmoja hawezi kuvumilia, anamwambia Heracles ukweli. Mara moja ulevi unamtoka. Anakwenda kuvizia kaburini, anapigana mweleka na Mauti na kumshinda. Anarudi akimwongoza mwanamke aliyefunikwa shela, anajisingizia kwamba amempata kama zawadi ya mashindano, na kumtaka Admetus ampokee. Admetus anakataa kwa sababu ya kiapo chake, kisha anampa mkono akiwa ametazama kando. Shela inafunuliwa: ni Alcestis. Lakini hasemi neno. Heracles anaeleza kwamba haruhusiwi kusikiwa sauti yake mpaka siku ya tatu, atakapokwisha kutakaswa na mambo ya Kuzimu. Na mchezo unaishia hapo, mwenye kulipa akiwa kimya.

Kwa muda wa zaidi ya miaka elfu mbili watu wameisifu hadithi hii kwa ajili ya mapenzi ya mke kwa mumewe. Mwanafalsafa Plato aliitaja katika kitabu chake cha karamu. Gluck aliifanyia opera iliyoonyeshwa Vienna mwaka 1767. Nami sipingi sifa hizo. Lakini naomba mniruhusu niieleze kwa njia nyingine, yaani kama mtu anavyokagua daftari la deni.

Tazameni. Asclepius anawaokoa wafu: analipa kwa roho yake. Apollo anamlipia kisasi mwanawe: analipa kwa utumwa. Admetus anaepushwa na kifo: anayelipa ni Alcestis. Alcestis anarudishwa: anayelipa kwa jasho na kujitia hatarini ni Heracles. Katika hadithi hii nzima hapana mahali ambapo bei ya roho imefutwa. Inahamishwa tu, kutoka bega moja kwenda bega jingine. Hata Apollo, ambaye ni mungu kwa imani yao, hakuweza kupata zaidi ya ruhusa ya kulihamisha deni. Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa. Wayunani waliliona jambo hilo hilo, ila wao wakauliza swali la pili: Nani alipe? Na la tatu, ambalo ni gumu zaidi: Aliombwaje?

Ni kweli kwamba Admetus aliokolewa na ukarimu wake; mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kabla ya kupona anapitia saa moja mbaya. Anaporudi kutoka makaburini na kusimama mbele ya mlango wa nyumba yake, anashindwa kuingia. Anatambua kwamba mkewe amepumzika na taabu zote, bali yeye amebaki na maisha yasiyo na ladha, na kwamba watu watamwita mtu aliyemtoa mkewe ili aponye nafsi yake. Kwa maoni yangu hapo ndipo kitovu cha mchezo. Mtu anaweza kupewa maisha, asiweze kuyaishi, kwa sababu ya jinsi alivyoyapata.

Sasa niseme kwa nini nayaandika haya.

Mwaka 2015 kaka yangu mkubwa aliugua figo. Mwanadamu ana figo mbili, kila moja ukubwa wake kama ngumi, na kazi yake ni kuchuja damu na kutoa uchafu na maji yaliyozidi. Zake zote mbili zilikwisha haribika. Mara tatu kwa wiki alikwenda kulazwa kando ya mashine ya kusafisha damu, saa nne kila mara. Madaktari wakasema dawa iliyo bora ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine, na kwamba mtu mwenye afya aweza kutoa figo moja akaishi kwa ile iliyobaki. Wakati ule kazi hiyo haikuwa ikifanywa hapa Uganda. Ilitubidi tuchange fedha za kwenda India.

Watoto wa mama yetu tulipimwa. Waliofaa ni wawili: mimi, na dada yetu mdogo anayeuza vitambaa sokoni.

Wazee wa ukoo wakaitisha kikao nyumbani kwetu. Tuliketi mikekani mpaka usiku. Mjomba akasema mbele ya watu wote kwamba jambo lenyewe halina mjadala, maana karo yangu katika shule hii ililipwa na kaka yangu kutoka kidato cha kwanza hata cha sita, na sasa siku ya kulipa imefika. Ilikuwa kweli. Kila shilingi ilikuwa kweli. Nami nilikuwa na watoto watatu wadogo, na nilikiogopa kisu. Nikasema naomba muda. Mjomba akauliza: Muda wa nini? Sikuwa na jibu. Nikakaa kimya, na kila mtu akajua kimya kile kilikuwa na maana gani.

Usiku ule nilikumbuka jina langu la bwenini.

Asubuhi dada yetu alisema atatoa yeye. Hakusema kwa sauti kubwa. Alisema huku akiosha vikombe. Nilimfuata nikamwambia asifanye haraka. Akanijibu kwamba hakufanya haraka, alikuwa ameliwaza jambo hilo tangu siku tuliyopimwa, na kwamba mimi niliogopa lakini yeye haogopi sana. Basi. Hakunitukana, wala hakujisifu.

Huko hospitalini niliona jambo ambalo Admetus hakulifanya. Kabla ya upasuaji daktari ambaye hakuwa akimtibu kaka yangu alimwita dada yangu peke yake chumbani. Sisi sote tuliambiwa tubaki nje. Akamweleza kwamba hatari ni ndogo lakini ipo, na kwamba akitaka kuacha, hata dakika ya mwisho, aseme tu. Siku mbili baadaye wakamwita tena na kumwuliza yale yale. Jibu lake lilikuwa lile lile.

Baadaye nilisoma juu ya upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu na kudumu. Ulifanywa Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, na Daktari Joseph Murray pamoja na wenzake. Mgonjwa alikuwa Richard Herrick, na mtoaji alikuwa Ronald, pacha wake wa kufanana. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard alimwandikia nduguye kikaratasi akimtaka aondoke arudi nyumbani. Ronald akamjibu kwamba yupo na atabaki. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa muuguzi aliyemhudumia. Ronald alikuwa mwalimu wa hesabu, akaishi kwa figo moja hadi mwaka 2010. Daktari Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Mimi nakikumbuka zaidi kile kikaratasi. Admetus aliyekuwa akifa aliwauliza watu wote, Nani atakwenda badala yangu? Richard aliyekuwa akifa alimwambia nduguye, Nenda zako. Na kwa sababu alipewa nafasi ya kwenda, kubaki kwake Ronald kulikuwa zawadi ya kweli.

Kaka yangu yu hai hata leo ninapoandika. Dada yetu ni mzima pia. Ila msidhani hakulipa. Kovu analo. Kwa miezi minne kibanda chake kilifungwa, na aliporudi sokoni wateja wake wengi walikwisha zoea wauzaji wengine. Mambo haya hayaimbwi katika sifa za watoaji, lakini nayo ni sehemu ya bei. Hapo ndipo nilipoona kazi yangu. Nililipa kodi ya kibanda chake miezi yote minne, na mtaji wa kuanzia upya tukamchangia mimi na mke wangu. Sisemi kwamba hiyo ni sawa na figo. Si sawa hata kidogo. Nasema tu kwamba deni la roho moja ni zito, na asiyeweza kubeba upande mmoja asikimbie upande mwingine.

Tuliporudi, nilikwenda kwa kaka yangu kumwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Alinisikiliza, kisha akasema: "Mimi sikukuomba wewe. Walikuomba wazee." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Na ile karo nilikuwa nimekupa, sikukukopesha." Mpaka leo hatujalizungumza tena.

Siku hizi Uganda ina sheria juu ya mambo haya, iliyotungwa mwaka 2023, nayo inataka mtoaji akubali kwa hiari yake na kukataza kuuza au kununua viungo vya mwili. Ni sheria njema. Lakini sheria haiwezi kuingia katika kikao cha ukoo usiku, mahali ambapo mtu hutazamwa na macho ishirini. Humo mnaingia ninyi, mtakapokuwa watu wazima. Siku moja mtaombwa jambo kubwa, au mtaliomba. Mkiombwa, semeni kweli mapema, ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo, maana mgonjwa hana siku za kupoteza kwa kimya chenu. Hilo ndilo kosa langu ninalojuta, zaidi ya woga. Nanyi mkiomba, ombeni kwa namna ambayo mwenzenu aweza kukataa na bado akabaki ndugu yenu. Kutoa ni moyo, na moyo hautozwi kama kodi.

Nimesikia kwamba Chama cha Kiswahili kinakusudia kuigiza tena mchezo huo. Nimefurahi. Kijana atakayepewa sehemu ya Pheres asione haya; ni sehemu ngumu kuliko zote. Na atakayekuwa Alcestis, mwalimu akiona vema, asimame mwishoni kimya kwa muda mrefu kidogo kabla ya pazia kufungwa, ili watazamaji wapate nafasi ya kujiuliza angelisema nini.

Mwanafunzi wa zamani